Maji yafanye kazi mara mbili: maswali ya wasomaji

Barua nyingi za safari hii ni za maji kukatika na visima kuingia chumvi. Visiwani kwetu, Unguja na Pemba, hakuna mto unaotuletea maji kutoka mbali. Tunachokunywa ni mvua iliyonyesha hapa hapa ikazama ardhini, kwa hiyo kila lita inafaa ipewe kazi ya pili kabla ya kumwagwa.

*Nakaa Jambiani. Kisima changu kilikuwa na chumvi kidogo, nikashauriwa nikichimbe zaidi. Tumeongeza mita 2 na sasa maji hayanyweki. Nyumba yangu ni ya bati, mita 10 kwa 8. Mvua itanitosha? Ninunue tangi la ukubwa gani?*

Ndugu yetu, usichimbe tena. Pwani ya mashariki ardhi ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na bahari hupenya chini yake. Maji matamu ni mepesi, kwa hivyo hukaa juu ya yale ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 chini ya usawa huo. Ukiyavuta kwa nguvu mpaka yakashuka nusu mita tu, chumvi inapata nafasi ya kupanda mita 20. Ulipochimba uliifuata inakokaa. Zile mita 2 zijazwe zege, kisha uteke kidogo kidogo asubuhi na jioni badala ya kuwasha pampu saa nzima. Chumvi inaweza kupungua, ila subira itahitajika, maana ni mvua ya misimu itakayoisukuma.

Mvua itakutosha. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lako ni mita za mraba 80 (pima eneo ambalo bati limefunika chini, usipime mteremko wake). Toa sehemu moja katika tano, inayoruka nje au kukauka: mvua ya milimita 25, ya kawaida kabisa wakati wa masika, inakupa lita 1,600. Hata tukikadiria mwaka mkavu wa milimita 1,000, ni lita 64,000.

Kazi ni kuyaweka mpaka kiangazi, kwa hiyo ukubwa wa tangi uamuliwe na siku za ukame. Watu 6 kwa lita 10 kila mmoja, za kunywa na kupikia tu, ni lita 60 kwa siku. Siku 75 bila mvua ya maana ni lita 4,500, basi nunua la lita 5,000. Kufulia na kusafishia choo endelea na kisima.

Gata liinamie tangi sentimita 1 kwa kila mita. Kabla ya tangi, simamisha bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 2.5, limezibwa chini na kutobolewa tundu dogo la kujimwaga polepole. Linabeba lita 44 hivi, yaani nusu milimita ya mwanzo yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Likijaa ndipo maji yapite tangini. Tundu likiziba, bomba hubaki limejaa na uchafu wa mvua inayofuata huingia moja kwa moja kwenye maji yako ya kunywa, kwa hiyo likague kila wiki. Na kwa kuwa Jambiani upepo wa kusi hurusha chumvi ya bahari mpaka juu ya bati, mvua ya kwanza baada ya ukame ivulie bomba imwagike yote.

Tangi hilo likijaa lina tani 5. Lisikae juu ya matofali yaliyopangwa tu. Limwagie jukwaa la zege. Mfereji wa kutekea uwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini, tundu la kufurikia lifungwe wavu wa mbu, na ya kunywa yachemshwe.

*Tangi la juu ya nyumba linaisha usiku na hakuna aliyefungua maji. (Msomaji wa Michenzani)*

Anza na choo. Tia rangi ya chakula kwenye kisanduku cha maji cha choo, ukae nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini hauzibi, mara nyingi kwa sababu ya chokaa. Usugue kwa siki. Ukiwa umekakamaa badilisha.

*Sisi ni kamati ya msikiti, Chake Chake. Maji ya udhu yanakwenda mtaroni mchana kutwa. Yanafaa kumwagilia?*

Yanafaa sana, kuliko hata ya kufulia, kwani hayana sabuni. Kwa madhehebu ya Shafi, maji machache yaliyotumika kwa udhu wa faradhi ni tahiri ingawa hayatahirishi, basi hakuna shaka kuyapeleka kwenye migomba. Sharti la kwanza ni la fundi: bomba la sehemu ya udhu litengwe kabisa na la vyoo na la kustanjia. Yakichanganyika hata mara moja, hayo ni maji machafu.

Yapitishe kwenye kishimo chenye kokoto na wavu, ili kushika mchanga na nywele, kisha yaende kwenye shimo la upana wa mita 1.5 na kina cha mita 1, lililojazwa makuti na majani makavu, migomba ikiwa pembeni. Yasihifadhiwe zaidi ya siku moja. Yatanuka na kuzaa mbu. Mchicha na mboga nyingine za majani zisimwagiliwe kwa maji haya.

Lakini kabla ya bomba jipya, tizameni mfereji wenyewe. Kingeni ndoo ya lita 10 mfereji ukiwa wazi kabisa, muone inajaa kwa dakika ngapi. Imepokewa kwa Anas kwamba Mtume (S.A.W.) alitia udhu kwa mudi moja, robo ya ile pishi ya zakatulfitri, isiyofika lita moja. Mifereji ya kubonyeza inayojifunga yenyewe inalipa gharama yake haraka.

*Kikundi chetu Wete kinapika mafuta ya mchaichai. Maji ya kupozea koili, lile bomba la kujipinda linalopitisha mvuke, tunayamwaga, na kisima kinakauka. Tukiyarudisha, mafuta yanapungua. Tufanyeje?*

Mafuta yanapungua kwa sababu maji mnayoyarudisha bado ni moto. Mvuke haugeuki maji wote, na harufu kali ya mchaichai mnayoisikia mdomoni mwa koili ni mafuta yenu yanayopotea hewani. Kupoza lita 1 inayotoka kwenye koili kunahitaji karibu lita 20 za maji yanayoingia baridi na kutoka yakiwa na nyuzi 60. Mkipata lita 15 kwa saa, mnamwaga lita 300 kila saa!

Wekeni matangi mawili. Maji baridi yaingie chini ya pipa la koili na kutoka juu. Wengi hufunga kinyume, na ya moto hubaki juu yamezunguka koili. Yanayotoka yapandishwe na yanyeshe kupitia bomba lenye matundu juu ya tabaka za makumbi, mahali penye upepo, kabla ya kuingia tangi la pili. Lita 1 inayokauka njiani hubeba karibu joto lote lililoletwa na lita 1 ya mvuke. Hivyo badala ya lita 300, hasara inakuwa kama 15. Hewa yetu ina unyevu, msitarajie maji yapoe sana chini ya joto la kivulini.

Sehemu ya yale ya moto jazieni pipa la kuchemshia, mpunguze na kuni. Kila wiki mwageni kiasi cha maji yanayozunguka, kwani chokaa inayobaki hujenga ganda kwenye koili na kuzuia joto. Na mkija kupika makonyo (vikonyo vya karafuu) kumbukeni: mafuta yake huzama, ya mchaichai huelea, kwa hiyo chombo cha kutenganishia hakiwi kile kile.

*Mipira yangu ya matone shambani Bambi imeziba, na tungule zinanyauka upande mmoja.*

Maji ya kisima yana chokaa. Changanya gramu 100 za chumvi ya ndimu (asidi sitriki) katika lita 100 za maji, jaza mipira, yalale humo usiku kucha, asubuhi fungua miisho yote mpaka maji yatoke meupe. Baada ya hapo fungua miisho kila wiki na osha chujio.

Ukiona ukungu mweupe wa chumvi pembezoni mwa sehemu yenye unyevu, mvua ya kwanza ikinyesha usifunge matone. Mvua ndogo huisukuma chumvi hiyo kwenye mizizi, na matone ndiyo yanayoizuia. Yafunge mvua kubwa ikishaloanisha shamba zima.