Tusimtoe winga wetu kwa ajili ya beki wa benchi

Mkuu mleta mada, nimesoma hoja yako na michango yote iliyofuata. Kwa waliochelewa: jamaa anasema Mbeya City tunafungwa mabao mepesi kwa sababu mabeki wa kati ni wafupi na wazito kugeuka. Dirisha dogo la usajili wa katikati ya msimu likifunguliwa, anataka tuwape klabu moja ya Dar winga wetu wa kushoto, wao watupe beki wao mrefu ambaye msimu huu hapangwi. Wengi mmemuunga mkono. Mimi napinga, tena kwa uchungu, kwa sababu biashara kama hii ilishafanyika nikiwa ndani yake, nimevaa jezi namba 5.

Nilicheza beki wa kati misimu minne kwenye timu ya daraja la kwanza mkoani Iringa. Jina lake naliacha. Uwanja wetu wa nyumbani ulikuwa Samora. Namba 4 wangu alikuwa mtu wa Mafinga, mfupi kuliko mimi, na tulianza kucheza pamoja tangu ligi ya mkoa. Hatukuwa mabeki wa kutisha, ila tulijuana. Nikipanda kuwahi mpira wa kichwa, sikuwa na haja ya kugeuka kuangalia kama kaziba nyuma yangu. Najua yupo.

Mbele yetu upande wa kushoto alikuwepo winga, kijana mwembamba, hafungi sana, na jukwaani walikuwa wanamzomea kwamba anakumbatia mpira. Hawakujua alichokuwa anatufanyia sisi wa nyuma. Tukibanwa, tunampigia pembeni. Anautuliza, anaukinga na beki wao mgongoni, anaburuzana naye mpaka apewe faulo au mpira wa kurusha. Ni nusu dakika tu. Lakini katika nusu dakika hiyo sisi tunapanda mpaka karibu na katikati ya uwanja, tunavuta pumzi, tunapangana upya, kipa anapiga kelele za kuweka watu sawa. Ukiwa beki, mtu wa namna hiyo ndiye anayekufikisha dakika ya 90.

Dirisha dogo likaja. Tulikuwa nafasi ya tatu, viongozi wakaona kupanda kunawezekana, ila "tunahitaji beki mrefu". Maneno ni haya haya yako mkuu. Winga akaenda Dar, beki akaja kwetu.

Huyo ndugu nilimpokea mwenyewe stendi, saa tatu usiku, katelemka na begi moja, viatu vya mpira kavining'iniza begani. Mvua inanyesha, baridi ya Iringa inamtetemesha midomo. Nikamwambia "Kamwene", akacheka, akauliza inajibiwaje. Alikuwa mtu mwema na beki kweli. Mazoezini wiki ile hakuna aliyemshinda hewani. Lakini alikuwa hajacheza mechi ya ushindani kwa miezi saba. Na wa Mafinga, aliyecheza kila mechi, akaenda benchi kumpisha.

Sasa nataka niwaeleze bao moja, maana yote yamo mle.

Mechi yake ya tatu, pale Samora, uwanja umejaa maji upande wa goli la mbali. Kipa wao kapiga mpira mrefu. Mwenzangu kaupigia hesabu vizuri kabisa, kama uwanja ungekuwa mkavu: karudi hatua mbili ili mpira udunde, aje aumalizie kwa kichwa. Mpira ukaangukia kwenye dimbwi, ukanata pale pale. Mimi nikaona mshambuliaji wao anatoka mbio, nikapiga kelele, "Toka!"

Kwetu "toka" ilikuwa na maana moja: toka nyuma, panda, ufuate mpira. Namba 4 wangu wa Mafinga angeshafika. Kumbe kule alikotoka, beki mwenzako akikuambia "toka" anamaanisha toka njiani, niachie mimi. Akasimama. Akanyanyua na mkono kabisa kunionyesha kwamba kanisikia. Mshambuliaji akapita katikati yetu, akauchomoa mpira kwenye maji, kipa hana la kufanya. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja anaamini mwenzake kakosea, na hakuna aliyekosea.

Usiku ule tulikaa chumbani kwetu na chai, tukapanga njiti za kiberiti mezani, tukaanza kukubaliana neno moja baada ya jingine. "Panda" ni hivi. "Wangu" ni hivi. "Geuka" maana yake kuna mtu nyuma yako. "Achia" ndiyo achia, na "toka" tukaifuta kabisa. Ilituchukua kama mwezi na nusu mpaka yale maneno yaanze kutoka yenyewe bila kufikiri. Mwezi na nusu wa ligi, wakuu. Pointi za muda huo hazirudi.

Na hata tulipoelewana bado tukaendelea kufungwa. Hapa ndipo mimi binafsi nilipojifunza, maana mwanzo na mimi nilikuwa nalaumu urefu, uzito, baridi, kila kitu. Tatizo lilikuwa mbele. Winga hayupo. Tukibanwa tunapiga mpira, unarudi. Tunapiga tena, unarudi. Hakuna wa kuutuliza. Kuanzia dakika ya 65 miguu inakuwa kama imefungwa matofali, na beki aliyechoka haonekani kachoka; anaonekana kafanya kosa la kijinga. Jukwaa linasema hajui kugeuka. Anajua. Ila hiyo ni mara ya arobaini anageuka.

Kutoka nafasi ya tatu tukamaliza katikati ya msimamo. Yule ndugu timu ilimkalia mishahara ya miezi mitatu, akapanda basi kurudi kwao na begi lile lile. Hilo linaniuma mpaka leo, maana lawama zote alibebeshwa yeye.

Sasa turudi kwetu Mbeya. Mechi ya nyumbani iliyopita nilikaa nyuma ya goli, sehemu ambayo huoni vizuri kinachoendelea mbele lakini mabeki unawaona mpaka jasho. Nikaanza kuhesabu kwa vidole mara ambazo mpira tulioupiga kuondoa hatari ulirudi bila timu kuvuka katikati ya uwanja. Vidole viliisha kabla ya mapumziko. Na mara chache ambazo haukurudi, karibu zote ulikuwa umeenda kushoto, kwa huyo huyo mnayetaka tumwachie.

Hoja ya urefu siipuuzi, mabao ya kona tunafungwa na yanaudhi. Ila tazameni yanavyofungwa. Anayefunga kwa kona mara nyingi si mrefu kuliko wote, ni yule aliyeanza kukimbia kutoka nje ya sita, lile boksi dogo la golini, wakati beki wetu amesimama anautazama mpira. Mtu anayekuja na mbio anaruka juu kuliko aliyesimama, hata kama anazidiwa kichwa kizima. Dawa yake ni kumgusa kabla hajaanza mbio: mkono kifuani, bega mbele yake, kumkatia njia. Dickson Job si mrefu kwa beki wa kati, na mmemwona Yanga na Taifa Stars anavyoshindana na majitu. Anasoma mapema, anafika kabla mwenzake hajaruka.

Na kwa kuwa nimemtaja Job, hebu tumtazame alikotoka. Yanga walimchukua Mtibwa Sugar dirisha dogo la Januari 2021, akiwa anacheza. Bakari Mwamnyeto walimtoa Coastal Union 2020, akiwa nguzo ya timu. Ibrahim Bacca walimfuata KMKM Zanzibar, Januari 2022, naye alikuwa uwanjani. Timu yenye hela nyingi nchini, ilipotaka mabeki wazawa, ilienda kwenye klabu ndogo kuchukua wanaocheza kila wiki. Sisi wenye mfuko mdogo ndio tunataka kwenda klabu kubwa kuchukua asiyecheza, tena kwa kumlipia na winga. Mimi hesabu hiyo inanikataa.

Kuna mchangiaji kauliza, mbona beki akija na uzoefu wa Dar atawafundisha wenzake? Atawafundisha baadhi ya mambo, sikatai. Lakini Sokoine, uwanja wetu hapa Mbeya, nao una yake ya kumfundisha, na darasa lake ni la hasara. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpira mrefu unasafiri kuliko alivyozoea. Beki aliyekulia usawa wa bahari anapanda kuupiga kichwa pale anapoamini utaangukia, unampita juu ya nywele. Nimeona mabeki wageni wazuri wakiaibika hivyo dakika kumi za mwanzo, na sisi jukwaani tunashangilia. Wiki za kwanza hata pumzi inamkata mapema. Dirisha dogo nalo linaangukia kwenye mvua zetu, uwanja mzito, mpira unakimbia hapa unanata pale. Atazoea, kila mtu huzoea, ila atazoea tukiwa tumeshacheza mechi tano sita.

Wazee wa hapa mnakumbuka msimu wa 2013/14. Ndiyo kwanza tumepanda, Juma Mwambusi kocha, tukamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba wako chini yetu. Hassan Mwasapili beki ya kushoto, Yohana Morris kati. Nani kati yenu aliwahi kuwajadili wale kwa urefu? Walikuwa watu waliozoeana, hawakutafutana uwanjani. Tukipanda wote tunapanda, tukirudi tunarudi. Na mpira ukifika kwa Deus Kaseke, mabeki wanapata muda wa kupumua. Nilikuwa nakuja Sokoine kutoka Iringa na Coaster, natazama ile timu kwa wivu wa mtu aliyecheza nafasi ile.

Na 2023 tuliposhushwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo, tulikaa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, misimu miwili. Tumerudi 2025 kwa jasho. Sitaki kuiona tena ile safari kwa sababu ya usajili wa kufurahisha jukwaa.

Sasa mimi nafanyaje ningekuwa na sauti pale ofisini? Winga haguswi. Beki natafuta, ndiyo, kwa sababu kadi na majeraha yatakuja na nyuma hatuna akiba ya kutosha. Lakini natafuta Championship au kwenye timu ya Ligi Kuu iliyo chini, mtu ambaye kacheza mechi zote za mzunguko wa kwanza, na namtaka kwa mkopo mpaka mwisho wa msimu ili tusijifunge na mkataba mrefu. Kama kakulia Njombe, Songea, Sumbawanga au hata Arusha, bora zaidi, baridi na hewa havitampa shida. Na kabla ya hapo namtuma mtu akamtazame mechi tatu uwanjani kwa macho, siyo video za dakika mbili ambazo kila beki ni mfalme. Amtazame mpira ukiwa mbali naye. Anaongea? Anageuza shingo kuangalia nyuma yake mara ngapi kabla krosi haijapigwa? Timu yake ikifungwa, anamfuata mwenzake kumwinua au anamnyooshea kidole?

Vilevile namba 6 wetu, kiungo mkabaji, asogee nyuma. Kati yake na mabeki pana uwanja wa kulima mahindi, na mpira wa pili, ule unaobaki baada ya kugombewa hewani, kila siku unaangukia pale. Akishuka mita nane tu, hao mnaowaita wazito mtawaona wana kasi. Hilo halihitaji hata shilingi ya usajili, linahitaji kocha na wiki mbili za mazoezi.

Mwenzangu aliyeandika kwamba namba 5 wetu "hana hadhi ya Ligi Kuu", naomba ujipe mechi moja. Mechi ijayo ya nyumbani mimi nitakuwa pale pale nyuma ya goli, upande wa kulia ukiingia, nimevaa koti la kijani. Njoo tukae wote. Usiufuate mpira kwa dakika 15, mtazame yeye peke yake, halafu hesabu mara ngapi anakimbia kuziba shimo ambalo si lake. Mleta mada na wewe karibu, chai ya tangawizi nanunua mimi.