Kutoka Malindi hadi utafiti wa saratani ya damu: inawezekana

Mdogo wangu, pole kwa ugonjwa wa kaka yako. Umeuliza kama digrii yako ya baiolojia, nawe uko Malindi, itakufikisha kwenye utafiti wa lukemia kali ya mailoidi, aina ya saratani ya damu inayokua kwa kasi. Itakufikisha, ila safari ni ndefu.

Anza hapo jirani. Kilifi kuna KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya. Kazi yao kubwa ni malaria na maambukizi mengine, lakini usidharau. Kutoa DNA, kusoma jeni, takwimu: ujuzi ni uleule. Kisha uzamili na uzamivu. Chagua msimamizi kabla ya chuo, maana msimamizi asiyejali atakupotezea miaka.

Soma habari za Janet Rowley, mtafiti wa Marekani. Mwaka 1972, akichunguza picha za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) za wagonjwa wa lukemia hii, hata mezani kwake nyumbani Chicago, aligundua kromosomu ya 8 na ya 21 zimebadilishana vipande. Halafu soma jeni ya FLT3, ambayo ikiharibika huchochea lukemia hii, na midostaurin, dawa ya wagonjwa wenye kasoro hiyo, iliyoidhinishwa Marekani 2017. Hapo utaona maabara inavyomfikia mgonjwa.

Lakini usimtibu kaka kwa makala unazosoma. Akipata homa akiwa kwenye kemo (dawa kali za saratani), hata usiku wa manane, mpelekeni hospitali papo hapo.