Je, mmea hukumbuka joto na baridi? Jibu kwa ndugu aliyepoteza miche ya nyanya Ahero

Ndugu wa Ahero, huko kwenye joto la uwanda wa Kano karibu na Kisumu, nimelisoma swali lako mara mbili. Ulinunua miche ya nyanya huku kwetu milimani, ukaipakia kwenye matatu alfajiri na kuipandikiza saa saba mchana siku iyo hiyo, na kufikia siku ya tatu nusu yake ilikuwa imekauka; ilhali miche ya jirani yako, iliyotoka kitalu kile kile lakini ikakaa wiki nzima chini ya mwembe wake, ilishika vizuri. Unauliza kama mmea una kumbukumbu, na kama mzee wako anasema kweli anapokushauri uhifadhi mbegu za ile iliyopona kwa kuwa "imeshalijua joto". Kwa swali la kwanza nasema ndiyo. Kwa la pili, mzee amekaribia, ila sababu aliyoitoa siyo.

Mimi huotesha miche Molo, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500, na jambo hili nilifundishwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Januari moja, katika zile siku za kiangazi ambapo anga hukesha bila wingu, nilikuwa na trei sita za kabichi. Nne nilikuwa nimezitoa nje ya kivungulio kwa siku tisa mfululizo, kwanza saa chache za jioni, kisha usiku kucha, huku nikipunguza maji. Mbili zilibaki ndani kwa uvivu wangu tu, nazo nikazitoa jioni moja kwa haraka ili nipate nafasi. Kulipokucha nyasi zilikuwa nyeupe, na maji ya ndoo yalikuwa yameshika utando wa barafu uliovunjika nilipoubonyeza kwa kidole. Jua lilipopanda, majani ya zile trei mbili yaliiva rangi nzito yenye majimaji, kama mboga iliyochovywa katika maji yanayochemka, na kufikia adhuhuri yote yalikuwa yamelala. Zile nne zilinyong'onyea asubuhi, kisha zikainuka.

Tofauti ilikuwa zile siku tisa. Kabichi inapoonja baridi isiyoua, hulimbikiza sukari ndani ya seli zake na kubadilisha mafuta yaliyo katika utando wa seli ili utando ubaki laini hata hewa ikipoa sana. Ndiyo maana sukuma wiki ya huku huwa tamu zaidi baada ya majuma ya baridi. Lakini usidhani kila mmea hufundishika. Viazi vilivyokuwa hatua chache kutoka kwenye trei zangu vilizaliwa na kukulia katika baridi ile ile, na bado asubuhi hiyo majani yake yaligeuka meusi. Kiazi tunachokula hakina uwezo wa kujizoesha na sakitu, ingawa baadhi ya ndugu zake wa porini huko Amerika Kusini wanao.

Sasa tuje kwenye joto, ambalo ndilo lililokuumiza. Protini za seli zikipata joto kali hujikunja vibaya na kugandamana, kama ute wa yai kwenye kikaango. Mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa alieleza jinsi seli za nzi wa matunda zilivyoamsha jeni fulani baada ya kupashwa joto, na baadaye ikajulikana kwamba jeni hizo hutengeneza protini za kulinda na kuzikunjua zile nyingine. Mimea nayo inazo. Katika maabara, miche ya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii moja na sukuma wiki, ikipewa joto la wastani la nyuzi 37 hivi kwanza, huhimili baadaye nyuzi 44 au 45 ambazo huiua miche isiyotayarishwa. Kinga hiyo hudumu siku chache tu, kisha hufifia, kwa sababu kukaa macho wakati wote huugharimu mmea nguvu ambazo ungezitumia kukua.

Kwa hiyo miche yako haikuwa dhaifu. Ilikuwa imesomea somo la Molo, ikapewa mtihani wa Ahero. Wiki chini ya mwembe iliipa miche ya jirani nafasi ya kuonja joto la huko kidogo kidogo, na pia ya kuponya mizizi iliyotikiswa safarini, jambo ambalo watu hulisahau wanapoulaumu mchana peke yake.

Kuhusu mbegu, ipo kumbukumbu ndefu zaidi, nayo ni ya baridi. Ngano inayopandwa Ulaya kabla ya majira ya baridi haichanui mpaka ipitie majuma kadhaa ya baridi. Tunayolima Njoro ni ya aina nyingine, haihitaji hayo. Katika Arabidopsis imeonekana wazi jinsi kazi hiyo inavyofanyika: baridi hubandika alama za kemikali kwenye protini ambazo jeni la kuzuia maua limezungushiwa, jeni hilo likafungwa, na likabaki limefungwa hata joto likirudi. Mbegu inapoumbika, alama hizo hufutwa, na mtoto huanza upya. Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo wa Urusi ya Kisovieti aliyeungwa mkono na serikali ya Stalin, alidai kimakosa, kama mzee wako, kwamba mafunzo ya namna hiyo hurithiwa. Waliompinga waliteswa, na Nikolai Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mbegu, alifia gerezani mwaka 1943.

Hata hivyo ushauri wa mzee usiutupe. Ukichagua mbegu za mimea iliyopona msimu baada ya msimu, unachagua ile iliyozaliwa na jeni bora, mradi mbegu yenyewe isiwe chotara (hybrid), kwa maana chotara hutawanyika tabia katika kizazi cha pili.

Safari ijayo, miche ikifika iweke kivulini siku mbili bila kuigusa, kisha ionyeshe jua la asubuhi kwa muda wa saa moja, kisha mbili, kisha tatu, kwa siku tano au sita. Ipandikize jioni, baada ya saa kumi na moja, na usiikawize: ukiirudisha kivulini wiki mbili ukingoja mvua, utaanza kuizoesha tena.