Mkopo "tuliokubaliana", mkeo aliujua lini?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38, mke na watoto watatu. Naishi Langoni, Lamu, na kila siku navuka kwenda kufundisha upande wa Mokowe. Nimejaliwa kipaji cha kuandika. Miaka miwili iliyopita nilichapisha riwaya yangu mwenyewe, nakala 500, kwa mkopo wa Sacco wa shilingi 110,000 ambao mimi na mke wangu tulikubaliana. Nimeuza nakala 137, ingawa wengine hawajalipa, na fedha iliyoingia mkononi ni kama 31,000. Nyingine 63 niligawa, 300 zimebaki. Waliosoma wamenisifu sana. Mswada wa pili nimeumaliza mwaka jana, lakini ualimu haunipi nafasi. Mshika mbili moja humponyoka, basi nimeamua kujiuzulu Aprili niandike tu. Mke wangu, ambaye hushona kofia usiku, haoni mbali. Alipojua habari za mkopo alininunia wiki nzima. Mwezi uliopita aliyatoa makasha ya vitabu vyangu chumbani akayaweka dakani kama taka. Nilipomwambia tuuze bangili zake nichapishe kitabu cha pili, akachukua watoto akaenda kwa mamake Matondoni. Mamake naye ananiambia riwaya haipikwi. Nimemkumbusha mke wangu maneno ya Mwana Kupona juu ya kumtii mume, hakusikia. Sasa ni Desemba, shule zimefungwa, nyumba kimya, na hata kalamu siwezi kuishika. Nimfanyeje anielewe? — Mwalimu, Lamu*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nyumba iliyozoea kelele za watoto watatu ikinyamaza ghafla, mtu hulala akisikiliza dari. Pole hiyo nimekupa kwa moyo wote. Sasa nisikilize, kwa sababu swali uliloniuliza silo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaandika vizuri, kipaji unacho, hilo sibishani nalo. Lakini kuna mahali umeandika kuwa mkopo mlikubaliana, kisha mbele kidogo ukaandika "alipojua habari za mkopo". Mwanangu, mtu hajui baadaye jambo alilolikubali mwanzo. Mkopo ulichukua peke yako, ukakatwa kwenye mshahara, na mkeo akagundua siku fedha ya unga na ada ilipopungua. Akanuna wiki moja. Mimi ningenuna mwaka.

Halafu makasha. Umesema ameyaweka dakani kama taka. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mawe, nalijua daka. Ndipo mahali mwenye nyumba anapomkaribisha mgeni kabla ya kumwingiza ndani, ndipo wazee wanapokaa jioni, na kila apitaye kichochoroni hukiona kilichopo. Mke wa Kiamu hatupi taka pale. Karatasi ikikaa chumbani karibu na ukuta wa mawe ya bahari hunyonya unyevu, huota ukungu, na mchwa akishaonja haachi. Watoto wanalala humo humo na makasha yale miaka miwili. Mkeo kavitoa vitabu penye giza na chumvi akaviweka penye upepo na macho ya watu. Huenda alikuwa na hasira, sikatai. Lakini katika miaka hii miwili, hiyo ndiyo hatua ya pekee ya biashara niliyoiona katika barua nzima, na aliyeichukua ni yeye.

Umemtaja kwa maneno matatu tu: hushona kofia usiku. Ukapita, kama mtu aliyetaja hali ya hewa. Mimi nimekaa hapo muda mrefu. Kofia ya mkono ya Lamu si kazi ya siku mbili. Kila kitobo kidogo kinazungushiwa uzi, kimoja kimoja, na kofia nzuri huchukua miezi. Mkeo ananunua kitambaa na nyuzi kwa fedha yake, anangoja watoto walale, anainamia taa mpaka macho yanamwuma, kisha anaiuza kofia na anarudi kuanza nyingine. Mchana kapika, kafua, kampeleka mtoto chuoni kusoma Kurani. Hajakuomba uuze chochote chako ili yeye ashone. Hajasema kupika kunamnyima nafasi ya sanaa yake. Unatafuta mtu wa kukufundisha namna ya kushika kazi mbili bila moja kuponyoka, na mtu huyo alikuwa anakaa mkekani pembeni yako ukimwita asiyeona mbali.

Na hiyo methali ya mshika mbili umeitumia pasipo mahali pake. Mswada wa pili uliumaliza mwaka jana, ukiwa mwalimu, ukivuka na mashua asubuhi na jioni. Basi ualimu ulikunyima nini? Leo shule zimefungwa, watoto hawapo, hakuna wa kukusumbua, na wewe mwenyewe umesema kalamu haishikiki. Nafasi unayoililia unayo mkononi wiki kadhaa sasa. Ukijiuzulu Aprili utaipata hiyo hiyo, ila bila mshahara.

Nadhani najua kinachokusukuma, na nakwambia kwa upole. Yale makasha ya vitabu 300 yanakuumiza. Kila ukipita dakani yanakutazama. Mwalimu anayeandika akishindwa kuuza, watu husema alijaribu. Umeona ukijiita mwandishi kamili utakuwa umeyaruka makasha. Hayarukiki hivyo, mwanangu. Yatakufuata.

Tupige hesabu, maana mamamkwe wako aliposema riwaya haipikwi alikuwa anazungumza hesabu, si dharau. Shilingi 31,000 kwa miaka miwili haifiki 1,300 kwa mwezi. Hata vile 300 vyote ukiviuza mwaka mmoja kwa shilingi 400, ni 120,000, yaani 10,000 kwa mwezi, kabla ya kutoa deni la Sacco. Lamu karibu kila kitu huja kwa mashua, mchele, saruji, hata mtungi wa gesi, na kila kilichopanda mashua kimepanda bei. Na wewe una zaidi ya mshahara. Binti yangu ni mwalimu, ndiyo maana nayajua haya: tangu Januari 2021 mwalimu wa kudumu anachangia pensheni yake, na sasa yeye anatoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali inaongeza 15. Hakuna mchapishaji atakayekuongezea 15. Na ukishatoka TSC, tume inayowaajiri walimu, usidhani kiti kitakungoja. Kuna vijana wamehitimu ualimu miaka na miaka, wanaendesha bodaboda wakisubiri nafasi kama yako. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na wewe unataka kuuacha mbacha ambao watu wanne wameukalia.

Kuhusu bangili. Kama ni za mahari, ni zake, na wewe mwenye elimu unajua kuliko mimi. Mume ndiye anayedaiwa chakula, nguo na malazi. Mke akitoa dhahabu yake kwa hiari, hiyo ni hisani, nawe utamshukuru mpaka kaburini. Lakini kumwomba bangili mtu uliyemficha mkopo wa kwanza, wakati mkopo huo bado haujaisha? Aliondoka siku ile kwa sababu aliona kitakachofuata. Angebaki, bangili zingeondoka.

Na tafadhali, Mwana Kupona mwache. Wanaume wa pwani mmezoea kuwasomea wake zenu zile beti za utiifu na kuziacha nyingine. Yule bibi wa Pate alitunga utendi wake yapata mwaka 1858 akiwa mgonjwa, amelala kitandani mwaka mzima, akimwachia wasia binti yake asije akabaki bila mwongozo. Ni mama anayeogopa kufa kabla hajamaliza kumlea mtoto. Kama unataka kumfuata kama mwandishi, mfuate hapo: hakuwa na afya wala muda, na aliandika kwa ajili ya wa nyumbani kwake. Kuchukua machozi ya mama yule ukayafanya rungu la kudaia bangili, hilo limenikera kuliko yote uliyoandika.

Nikwambie langu. Marehemu mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kazi ya ukarani. Siku moja akaiacha akanunua mashua ya injini abebe wageni. Habari nilizipata sokoni kutoka kwa jirani, aliyenipongeza. Nikatabasamu pale, nikabeba samaki wangu nikaenda zangu. Mashua ilidumu miaka mitatu, ikaharibika injini, tukala tulichoweza. Njaa ile nimeisahau. Ile pongezi ya sokoni sijaisahau mpaka leo. Kwa hiyo ninapokwambia mkeo anaumia, sibahatishi.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu, na wewe si wa kwanza kuniandikia. Kijana anatazama video kwenye simu, mtu mwenye suti anamwambia fuata ndoto yako, acha kazi, ruka. Yule mtu hana mke Langoni, hana mtoto wa chuoni, na analipwa kwa wewe kumtazama. Kijana anazima simu anamgeukia mkewe, na mke akiuliza tutakula nini, anaambiwa anarudisha nyuma maendeleo. Mke amegeuzwa shabiki, kazi yake kupiga makofi. Wanawake nao wanafanya, nimepata barua za mabinti waliochukua fedha ya ada wakafungua duka la mtandaoni kwa siri. Zamani wanaume wa visiwa hivi walikuwa na ndoto kubwa kuliko riwaya. Walipanda majahazi wakaenda Arabuni, wakaondoka na upepo huu na kurudi na ule, miezi na miezi baharini. Lakini nahodha mwenye adabu hakutweka tanga kabla hajaacha masurufu nyumbani: nafaka ya miezi, mafuta, fedha mkononi mwa mke, na mtu wa kumtazama akipatwa na jambo. Akisha hayo, mke mwenyewe alimfungia chakula cha safari. Wewe umetaka kutweka tanga kwa kanga ya mkeo.

Sikwambii uache kuandika. Ukiacha kuandika kwa ajili ya barua hii nitakuwa nimekukosea. Shaaban Robert aliingia ukarani wa serikali mwaka 1926, akakaa miaka mingi idara ya forodha, na aliandika humo humo katikati ya kazi. Hapo hapo kwenu Lamu, Ustadh Mahmoud Mau amesalisha watu, ameoka mikate ya kuuza, na tungo zake watu wanazihifadhi kwa moyo. Hakuna aliyewahi kusema mikate ilimpunguzia ushairi. Nadhani hata ilimwongezea, kwa sababu mwoka mikate huonana na kila mtu. Na wewe nusu saa za mashua ya Mokowe, na mabaharia na wanafunzi na mama wenye makapu, ni hazina ambayo mwandishi wa kukaa ndani angeililia.

Andika baada ya alfajiri kabla ya mashua, saa moja tu. Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka una likizo ambazo mfanyakazi wa benki hazioti. Bandu bandu huisha gogo. Mswada wa pili usiuchapishe mpaka wa kwanza umelipa deni lake, na ukifika wakati chapisha nakala 50, si 500, baada ya mhariri asiye rafiki yako kuupitia. Hakikisha una ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kutoka Maktaba ya Taifa, maana maduka mengi ya vitabu yatakuuliza. Wale wasiokulipa waendee mmoja mmoja. Una walimu wenzako Faza, Siyu, Witu, Mpeketoni, kila mmoja apewe nakala tano auze, na chake akipate. Na makasha yaache pale pale dakani, uyafungue, uweke bei.

Mkeo usimtafutie namna ya kukuelewa. Amekuelewa zamani. Maji yakijaa kesho, panda mashua ya Matondoni. Usibebe kitabu. Beba hati yako ya mshahara na karatasi ya Sacco, mbele yake uzikunjue zote mbili asome mwenyewe kilichobaki na miezi mingapi. Neno la kujiuzulu lifute hapo hapo, kwa kinywa chako, na la bangili pia. Umwombe radhi kwa ule uongo wa "tulikubaliana", kwa jina lake, bila "lakini". Kisha umwulize kofia aliyoanza amefika wapi.

Ila kabla ya yote, ukishuka, mpitie mamake kwanza umwamkie. Yule ndiye aliyewalisha wanao mwezi huu.