Wangu atakaa ndani

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza kama paka wa kufugwa afungiwe ndani siku zote au aachiwe atoke. Ukikaa mtaa kama wetu, mfungie. Mimi niko orofa ya pili, Mji wa Kale, Mombasa. Tuktuk zipo, mbwa wapo, lakini kinachonitia hofu zaidi ni sumu ya panya.

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyeila hafi papo hapo. Hujikokota siku kadhaa, amelegea, hata mchana kweupe utamwona. Paka gani atamwacha panya wa namna hiyo? Akimla, sumu inamwingia na yeye. Atanyong'onyea, ufizi utapauka, na pengine atatokwa damu puani. Dawa ipo, vitamini K, ila daktari wa mifugo lazima ampate mapema, na paka mzururaji hurudi saa anayotaka yeye. Kwako utaacha kuweka sumu. Mwenye duka la chini utamwamulia wewe kama nani?

Bibi mmoja jirani yangu hunikumbusha ile hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa. Naijua, Bibi, lakini tuifikishe mwisho: hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Wangu dagaa anapata na maji hayamkauki.

Hata hivyo Bibi ana neno lake. Paka wa ndani asiye na shughuli hunenepa, huchana makochi na kukojoa pembeni. Kwa hiyo roshani nimeifunga wavu wa kuku kutoka sakafuni hadi juu, nikaweka kipande cha mnazi cha kunolea kucha na karai la mchanga ninalosafisha kila siku. Jioni namburutia kamba yenye manyoya ya kuku mpaka achoke. Na kumfunga kizazi ni lazima. Jike akiwa kwenye joto hulia usiku kucha, na paka shume wote wa mtaa humwitikia kutoka ukutani. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo usiiache eti kwa kuwa hatoki. Milango husahauliwa wazi.

Wengine watataja ndege, na ni kweli, chozi wa kwenye maua ya jirani wamesalimika. Kunguru, ambao ningefurahi wapungue, ndio paka wangu anaowakimbia.

Dada yangu anakaa shamba huko Kwale, ana ghala la mahindi na majirani wako mbali. Wa kwake anatoka, na ningekuwa huko hata mimi nisingemfungia, mradi amechanjwa na kuhasiwa.

Kama wako ameshazoea kutoka, anzia usiku. Mlishe magharibi, ndani, kisha funga mlango. Siku za mwanzo atalia sana. Usimfungulie hata mara moja, maana atajua kwamba kulia kunamsaidia.