Gari la moshi na maji ya kisima

SUALI: Asalam aleikum mhariri. Mie niko Bububu, Unguja, na wazee wa huku hawaishi kuhadithia gari la moshi lililokuwa likitoka mjini hadi hapa kwetu. Juzi kijana wetu alioko Australia kanirushia video ya treni inapita jangwani, ndefu haina mwisho, ananambia hiyo njia zamani ilikuwa ya moshi wakaja wakatia dizeli. Sasa Australia si wana makaa ya mawe tele? Waliacha kwa nini, moshi au?

JAWABU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Moshi jangwani unamuudhi nani? Tabu ilikuwa maji.

Njia hiyo inatoka Port Augusta mpaka Kalgoorlie, ilifunguliwa 1917, kama kilomita 1,690 hivi, na inakata uwanda wa Nullarbor ambao hauna mto hata wa dawa, tena kuna kipande cha kilomita 478 reli haipindi hata kidogo, dereva kazi yake kutizama mbele tu. Treni ya moshi haili makaa peke yake, inakunywa, tena inakunywa kweli kweli. Visima wakachimba, maji wakapata, lakini ya chumvi na chokaa, maana uwanda wote ule ni jiwe la chokaa, nduguye hili letu la kusini. Birika la mamangu kule Paje limechemsha maji ya kisima miaka mingi, ndani limefanya ganda jeupe, ukiligonga linamong'onyoka kama ganda la yai, na chai unaisubiri mpaka unakasirika. Sasa bwela la treni lenye mabomba chungu nzima likishika ganda hilo, moto haufiki kwenye maji, chuma kinaungua, mabomba yanatoboka, fundi halali. Basi treni zikawa zinabeba matangi ya maji ya kujinywesha wenyewe! Na hayo makaa unayosema yalikuwa yakitoka mbali, New South Wales, na 1949 wachimbaji wa huko waligoma wiki saba.

Dizeli ikaingia 1951, vichwa 11 vya mwanzo, nguvu za farasi 1,500 kila kimoja, vimeundwa kiwanda cha Clyde huko Sydney kwa ramani ya Kimarekani. Injini inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota za magurudumu, maji ni ya kupozea tu, yanazunguka yale yale kama redieta ya daladala. Hapo ndo kiu ikesha.

Yenu ya Bububu ilianza 1905, maili saba tu, na dizeli haikuiwahi. Ila maji nyinyi hamkukosa, Sayyid Barghash mwenyewe alivuta ya chemchem yenu mpaka mjini. Iliyowachukulia abiria ni motokaa.