Watoto hawajawa wavivu, tumewanyamazisha wenyewe

Mkuu, umeuliza mwalimu abadilishe nini ikiwa wanafunzi wa siku hizi wanasinzia kipindi kizima na akili zao zote ziko TikTok. Nafundisha Kemia shule ya kata hapa Tanzania, huu mwaka wa 13, na miaka ya mwanzo nililalamika hivyo hivyo. Baadaye nikatazama vizuri: wengi wa wanafunzi wangu hata simu hawana. Nyumbani simu ni ya baba, na baba analala nayo. Bado walikuwa wanasinzia.

Mimi ndiye niliyekuwa nawalaza. Naingia, najaza ubao kwa Kiingereza, wananukuu, nafuta, najaza tena, dakika 40 zimekwisha. Nikiuliza "Tumeelewana?" darasa zima linaitikia "Ndiyo mwalimuuu." Siku moja nilichukua daftari la binti wa kidato cha pili, mwandiko kama umechapwa, nikamwomba anieleze kwa Kiswahili sentensi aliyotoka kuiandika. Akanyamaza, machozi yakamlengalenga. Huyu mtoto amesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, tukambadilishia lugha, tena yumo katika mkondo wa watu 90. Tangu ada ilipofutwa Januari 2016 madarasa yetu yamefurika, na nafurahi kwamba wamekuja, ila hatukubadilisha namna ya kuwapokea.

Wengi mtasema projekta na vishikwambi. Penye umeme na fedha, sawa. Mimi nilianza na rozela.

Mada ilikuwa asidi na besi. Nilichemsha maua makavu ya rozela, yale ya juisi (wengine mnaita choya), bila sukari. Nikaja na ndimu, magadi, maji ya majivu na mfuko wa vifuniko vya chupa za maji, kila dawati likapata vitatu. Kabla hawajadondosha chochote, nikawapa kazi moja: mwambie jirani yako, kwa Kiswahili, rangi itakuwaje na kwa nini. Dakika tatu. Kelele zilizozuka, mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia dirishani!

Ndimu, ambayo ni asidi, ikaifanya nyekundu ya rozela iwake. Magadi, ambayo ni besi, yakaigeuza kijani, na hapo kijana wa dawati la nyuma, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake tangu kidato cha kwanza, akasimama: "Mwalimu, kwa nini mama anaweka magadi kwenye maharage?" Sikuwa na jibu kamili. Nilimwambia nitarudi nalo Alhamisi, na nikarudi nalo: besi huilegeza pektini, ile gundi inayoshikilia punje, ndiyo maana maharage huiva haraka, ingawa vitamini B1 nayo hupungua. Wasichana wawili waliniambia wamekwenda kuwaeleza mama zao.

Baada ya hapo ndipo nikaandika istilahi za Kiingereza ubaoni. Mtihani wa taifa ni wa Kiingereza, siwezi kuwaficha hilo. Lakini safari hii kila neno lilikuta kitu wanachokijua tayari. Kwa hiyo nilichogeuza hasa ni mpangilio: kitu kwanza, wakiongee kwa lugha yao, Kiingereza kifuate.

Najua utasema mada hazitaisha. Hofu hiyo nilikuwa nayo, na ni ya haki. Nilichofanya ni kuondoa kunukuu darasani. Naandaa muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kila mada, dawati linapata nakala moja, wananukuu jioni kwa zamu. Muda ule ndio umekuwa wa kuongea.

Vikundi vya watu 10 usivijaribu. Nilivifanya muhula mzima: mmoja anafanya kazi, tisa wanasubiri majina yao yaandikwe kwenye karatasi. Wawili wawili inatosha. Na ninapomwinua mtu, simuulizi jibu lake, namwambia aeleze alichosema mwenzake. Yule mwoga anapata ujasiri kwa sababu hapimwi yeye, na mwenzake analazimika kueleza hadi aeleweke.

Jambo moja linaniuma. Mtaala wa sekondari umekuwa ukidai ufundishaji wa aina hii tangu 2005, na ulioboreshwa, ulioanza kutumika 2024, unadai vilevile. Lakini semina nyingi nilizohudhuria tulikaa kutwa nzima tukinukuu slaidi kuhusu ufundishaji shirikishi. Mwalimu hufundisha alivyofundishwa. Wanaotuandalia semina watupe ndimu na vifuniko, watuache tubishane.

Ukitaka kujaribu wiki hii, nunua rozela kavu sokoni, kiganja kimoja kwa lita moja ya maji. Chemsha jana yake jioni, chuja, tia kwenye chupa. Usiiache ikalala siku nyingi, inachacha na rangi inafifia. Magadi yayeyushe pembeni kwanza, uyaache yatulie, la sivyo tope lake litawachanganya wanaokaa nyuma.